Shaba Haina Ulimi

Upo ugonjwa ulioingia hapa kwetu Namungo, nao ni kuamini kwamba anayejua ukweli wa vitu vyetu vya kale ni yule anayekuja kuvinunua. Mtu anafika Ruangwa au Nachingwea, anaulizia nyumba ya mzee aliyekuwa askari wa Keya, anaoneshwa beji ya kofia iliyofungwa kwenye kitambaa. Anaigeuza mara mbili, kisha anatamka, "Hii ni bandia, lakini nitawapa hela ya chumvi." Familia inashukuru. Mimi nasema imeshukuru kwa kuibiwa.

Najua nitajibiwa kwamba beji ni kipande cha shaba tu, na mwenye njaa hali shaba. Hoja hiyo naiheshimu, kwa maana njaa naijua. Lakini mkulima wetu wa korosho, hata akiwa na njaa, hakubali bei kabla ya kuona mizani. Kwa nini beji ya babu iuzwe bila mizani, tena kwa neno la mnunuzi mwenyewe?

Basi na tuiweke mizani mezani. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu walilifupisha wakaliita Keya, liliundwa mwaka 1902. Alama yake ilikuwa baragumu lenye kamba. Batalioni ya 6 ilikuwa ya Tanganyika, na katika vita vya 1939 hadi 1945 ziliongezwa nyingine, zikiwamo ya 26 na ya 36, ambazo mwaka 1944 zilipigana Burma chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Wapo pia waliotumikia katika vikosi vya usafiri, tiba na kazi za mikono.

Kipimo cha kwanza ni mgongo wa beji. Beji nyingi za Kiingereza za wakati ule zilipigwa kwa mihuri ya chuma: bamba jembamba liliwekwa kati ya mihuri miwili, likagongwa kwa nguvu. Kwa hiyo ukiigeuza, utaona umbo la mbele limeingia ndani upande wa nyuma. Ya kughushi mara nyingi imesubiwa: ni nene, mgongo wake ni bapa, na uso wake una vitundu kama mkate wa kumimina.

Kipimo cha pili ni taji, kwa beji zenye taji. La wakati wa Mfalme George wa Sita matao yake yameviringika kama kuba. Baada ya Malkia Elizabeth kurithi kiti mwaka 1952, lilikuja taji ambalo matao yake yamebonyea katikati. Anayekuuzia taji lililobonyea na kusema lilivaliwa Burma anakuuzia uongo, hata kama shaba yenyewe ni nzuri.

Kipimo cha tatu ni uchakavu. Askari alisugua beji yake kila siku, kwa hiyo sehemu zilizoinuka zimelainika, na mabondeni uchafu wa miaka umebaki. Ya kughushi huchakaa sawasawa pande zote. Ndiyo maana nawakemea wanaoisugua beji ya marehemu kwa majivu na limau ili ing'ae mbele ya mgeni. Wanafuta ushahidi kwa mikono yao.

Na msicheke mkiona ya plastiki. Kuanzia mwaka 1942 hivi, kwa kuwa shaba ilihitajika kwa silaha na risasi, Waingereza walitengeneza beji za plastiki kwa vikosi vyao vingi. Nyepesi ile inaweza kuwa ya vita kweli kweli.

Wako wanaodai kwamba mahali kitu kilipookotwa panatosha kuwa ushahidi. Kwetu hapa hapatoshi. Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa, si mbali nasi. Mwaka 1947 ukaja mradi wa karanga, pamoja na vifaa vilivyobaki vitani. Katika miaka ya 1960 na 1970 wapigania uhuru wa Frelimo walifanya mazoezi Nachingwea. Ardhi yetu imechanganya vyuma vya majeshi mengi, na jembe halichagui.

Sasa nifike kwenye kiini. Baada ya vita, baadhi ya mihuri ya zamani ilitumika tena kupigia beji za kuuzia wakusanyaji. Beji ya namna hiyo inaweza kushinda vipimo vyangu karibu vyote. Tena beji ya kofia haikuchorwa jina la aliyeivaa. Shaba haina ulimi. Inayoweza kusema kwamba hii ilivaliwa na fulani wa kijiji fulani, batalioni fulani, akarudi nayo mwaka fulani, ni familia peke yake. Mnunuzi anaweza kuhukumu shaba, lakini hana mamlaka ya kuhukumu habari hiyo. Nanyi mkiuza shaba bila habari yake, beji ya kweli inageuka kuwa yatima asiyetofautishwa na bandia.

Wafikirieni wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na uchovu. Hawakupewa beji. Wamebaki katika jina la Kariakoo, na katika vinywa vya wajukuu pale ambapo mtu alijali kuuliza. Mwenye beji ana bahati kuliko wao, naye anaiuza kwa bei ya chumvi!

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 alizaliwa 1924, hesabuni wenyewe. Mashahidi waliobaki ni watoto na wajukuu, nao wanazeeka. Nawaambia walimu wenzangu, hasa wanaofundisha historia: mpeni kila mwanafunzi daftari, aende nyumbani aandike jina, batalioni, kijiji, na nani aliikabidhi beji kwa nani. Kazi hiyo haihitaji bajeti wala kibali cha mkaguzi. Mwenye kutaka kuuza na auze, ni mali yake. Ila daftari libaki nyumbani, na nakala yake iende na beji, ili bei ianzie hapo.