Tusiudharau Mwangwi

Wako watu wasemao kwamba hospitali isiyokuwa na ile mashine kubwa ya eksirei, ipigayo picha za ubongo tabaka kwa tabaka, haina la kumfanyia mgonjwa aliyeumia kichwa ila kumtafutia gari la kumpeleka mjini. Maneno hayo ni ya hatari, na yafaa yapingwe.

Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Uswidi, daktari Lars Leksell aliweka juu ya kichwa cha mtoto mdogo aliyejeruhiwa chombo kilichoundwa kutafutia nyufa katika chuma. Chombo hicho hutuma sauti nyembamba mno, isiyosikika kwa sikio la binadamu, kisha hupokea mwangwi wake. Katikati ya ubongo pana kiambaza kitenganishacho nusu zake mbili. Damu ikivilia upande mmoja, hukisukuma kiambaza hicho, na mwangwi hurudi kutoka mahali pasipo pake. Leksell aliuona umehama.

“Hayo yamepitwa na wakati,” watajibu. “Tangu mwaka 1971, mashine ya Godfrey Hounsfield ilipopiga picha ya ubongo wa mgonjwa huko London, nani tena ahitaji mwangwi?” Twakubali kwamba mashine hiyo huona zaidi, na kwamba fuvu gumu la mtu mzima huzuia sehemu kubwa ya sauti. Je, mtoto mchanga naye? Utosi wake haujafunga. Ni dirisha lililo wazi. Kwa dirisha hilo ultrasaundi huonyesha damu iliyovuja ndani ya ubongo wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, pasipo miali ya eksirei wala kumtoa kitandani. Hata kwa mtu mzima iko njia: neva iunganishayo jicho na ubongo imefunikwa kwa ala, nayo ala hiyo hutanuka shinikizo lizidipo ndani ya fuvu. Upana wake hupimika juu ya kope zilizofumbwa.

Mashine za ultrasaundi zimo tayari katika hospitali zetu nyingi, zikiwapima mama wajawazito. Basi na wafundishwe watu kuzitumia kwa kichwa pia. Hatusemi kwamba mwangwi ushike mahali pa picha. Twasema umwonyeshe daktari ni nani asafirishwe kwanza, usiku huu huu, wala si kesho. Damu iliyomo fuvuni haingoji zamu. Mwenye kungoja taa ya umeme, hali kibatari ki mkononi mwake, akijikwaa gizani amlaumu nani?