Bakuli la Mtu Mmoja



Sisi watu wa pwani tumezoea sufuria ya jamaa. Pilau, biriani na hata mchuzi wa samaki twavipima kwa vinywa vingi, na apikaye kwa ajili ya mtu mmoja huonekana kama aliyepungukiwa. Lakini wengi wetu tuna ndugu katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Majengo ya Pumwani, ambako Waislamu wamekaa tangu miaka ya 1920, hadi Umoja na Kayole. Huko wako wanaokula peke yao: wajane, wazee ambao watoto wao wamehama, vijana waliopanga chumba kimoja karibu na kazi. Ukimwuliza mmoja wao amekula nini usiku, mara nyingi jawabu ni chai na mkate. "Nijipikie mimi peke yangu, ya nini?"

Jawabu la swali hilo limo katika dini. Salman al-Farisi (r.a.) alipomwona nduguye Abu Dardaa (r.a.) amezama katika saumu na sala hata amejisahau, alimkumbusha kuwa nafsi yake ina haki juu yake, na Mtume wetu (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada haiifuti haki hiyo, upweke utaifutaje? Na chai iliyokolea sukari, asubuhi, mchana na usiku, kwa mama mwenye maradhi ya kisukari, ni madhara yanayokuja polepole.

Basi tutazame supu ya adesi nyekundu, yaani kamande zilizokobolewa. Chukua robo kikombe, uzioshe mpaka maji yatoke safi. Tia katika sufuria ndogo pamoja na vikombe viwili vya maji, nusu kitunguu, nyanya moja, tembe moja ya kitunguu thomu, kipande cha tangawizi na bizari ya manjano kidogo. Funika, uache itokote kwa moto mdogo dakika 20. Adesi hizi hazihitaji kurowekwa, kwa hiyo hata mtungi mdogo wa gesi hautaabiki. Ziponde kwa mwiko, utie kiganja cha mchicha au sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, ungoje dakika 5 nyingine. Ukiepua, tia kijiko kidogo cha mafuta na ukamulie ndimu.

Ndimu hiyo ina kazi mbili: huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika adesi, na ukali wake hupunguza haja ya chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Vidonge vya supu vya dukani vina chumvi nyingi. Mwenye presha aviepuke.

Kuna pia ambaye hamu ya kula imemtoka, hasa mwenye kufiwa. Siku za matanga majirani huleta vyakula, kisha milango hufungwa, na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiamrisha wafiwa wapikiwe talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Vijiko viwili vya unga wa shayiri katika kikombe kimoja na nusu cha maji au maziwa, ukoroge kwa moto mdogo mpaka uive. Asiye na kisukari aweza kutia asali kidogo.

Tena tukumbuke wasia wa Mtume (s.a.w.) kwa Abu Dharr (r.a.): apikapo mchuzi azidishe maji na awaangalie jirani zake. Katika nyumba za Eastlands mlango wa jirani u hatua tatu tu. Kikombe kimoja cha maji na kiganja cha adesi huligeuza bakuli moja kuwa mawili, na pengine aliye nyuma ya mlango ule naye alikuwa akiungoja mkate wake na chai.

Nanyi wenye mama, shangazi au dada huko, mnapompigia simu msimwulize tu kama amekula. Mwulizeni amepika nini.

Wabillahi tawfiq.