Masisi na Walikale: barabara inamlisha fundi, barabara inamfungia garaje

Mvua kubwa ikinyesha usiku kati ya Kashebere na Kibua, asubuhi fundi wa Walikale-centre anajua kazi itakuwako. Pikipiki zitafika na shene imekatika, gurudumu limepinda, matope yamejaa mpaka ndani ya fren. Gari la Fuso likifika, litakuwa na risora iliyovunjika na kombwayeri aliyelala siku mbili njiani bila kula. Barabara mbaya njo inamlisha fundi. Lakini barabara ileile ikifungwa kabisa, juu ya vita ao juu ya daraja lililoanguka, piyesi hazifiki. Na bila piyesi hakuna garaje. Kuna mtu mwenye funguo mkononi anayeangalia pikipiki ya wenyewe.

Watu wengi wanafikiri garaje inadumu juu ya ufundi wa mkono. Mkono una kazi yake, hakuna anayekataa. Lakini ukipita Sake, Mushaki, Masisi-centre, Nyabiondo, mpaka Walikale na Mubi, mafundi wa mkono mzuri ni wengi, na wengi wao wanafanya kazi ya siku kwa siku chini ya shiti, mwaka baada ya mwaka, bila kusonga mbele. Wachache ndio wenye mlango, rafu na watoto wawili ao watatu wanaojifunza kazi. Tofauti yao iko zaidi kwenye stoki na kwenye deni, na sasa imeongezeka swali lingine: stoki hiyo iwekwe wapi wakati risasi zinaweza kulia kesho.

Tuanze na njia ambayo piyesi zinapita. Zamani mambo yalikuwa rahisi kidogo. Shene, pistoni ao diski za embreyaji za TVS na Boxer zilitoka Kampala, zikapita Bunagana, zikafika Goma, na kutoka pale zikapanda Sake na Masisi kwa gari ao kwa pikipiki. Bunagana iliingia mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022. Rubaya, ambako kunatoka sehemu kubwa ya koltan ya ulimwengu, ilifuata mwishoni mwa Aprili 2024. Mwanzoni mwa Januari 2025 ikawa Masisi-centre, tarehe 23 Januari Sake, na siku chache kisha Goma yenyewe. Tarehe 19 Machi M23 waliingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili.

Kwa mwanasiasa hizo ni tarehe za vita. Kwa fundi ni tarehe za bei. Tangu pale, Masisi-centre na Walikale-centre ziko chini ya wakubwa wawili tofauti, na barabara inayoziunganisha inakata mstari wa mbele. Fundi wa Masisi bado anaangalia Goma. Yule wa Walikale amelazimika kugeuza uso na kuangalia Kisangani, karibu kilomita 400 kwa barabara nambari 3, kupitia Lubutu. Piyesi ileile ya Kampala inaweza kuingilia Kasindi, ikapita Beni, Komanda na Nia-Nia, ikashuka Kisangani, kisha ikarudi mashariki kuelekea Walikale. Ni kuzunguka jimbo zima na msitu wake. Kila mahali mzigo unapobadilisha gari, bei inapanda, na kila barieri inataka yake. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS kutoka Ubelgiji walihesabu barieri 798 katika Kivu mbili. Hesabu hiyo ni ya zamani, lakini hakuna msafiri wa huku atakayesema barieri zimepunguka.

Njo maana fundi mwenye akili hanunui piyesi wakati pikipiki imekwisha kuharibika. Anainunua mbele. Na hanunui kila kitu.

Hapa Masisi na Walikale hazifanani. Masisi ni milima. Motari anashuka Mushaki ao Rubaya na abiria wawili na mfuko, mguu uko kwenye fren kutoka juu mpaka chini, na akipanda, embreyaji inaungua. Kwa hiyo huko kinachoisha haraka ni garnitiri za fren na diski za embreyaji. Walikale ni msitu na maji. Matope yanaingia ndani ya rulma za gurudumu na kula shene kama msumeno. Shene ambayo ingedumu miezi mingi kwenye lami ya Goma, huko inalegea mbele ya wakati, na motari akiendelea kuikaza bila kubadilisha meno ya nyuma, shene mpya nayo itakufa upesi. Fundi wa kweli anamwambia mteja wake hivyo hata kama mteja hataki kusikia, juu anajua atarudi na hasira akidai ameuziwa shene mbaya.

Wakati mwingine shene ni mbaya kweli. Piyesi za uongo zimejaa masoko yote, ndani ya karatasi nzuri yenye jina la kampuni kubwa. Kuna wenye garaje wanaozichagua kwa makusudi, juu faida yake ni kubwa na mteja anatafuta bei ya chini. Kwa mwezi wa kwanza hesabu inakubali. Lakini katika senta ndogo kama Nyabiondo ao Mubi wamotari wote wanajuana, wanalala kwenye parkingi moja, na jina la fundi linapita kwa kasi kuliko pikipiki. Fundi anayeonyesha piyesi mbili, nzuri na ya bei ya chini, na kusema wazi hii itadumu, hii haitadumu, anapoteza wateja wawili leo na kubaki na kumi. Mafuta ya barabarani yanaleta ugomvi wa namna hiyo pia: yakiwa na maji ao petroli ya taa, kabureta inachafuka, na lawama zinamwangukia fundi kabla ya kadhafi aliyeyauza kwenye chupa. Wengine wameanza kumwaga kidogo ndani ya kikombe mbele ya mwenye pikipiki ili aone mwenyewe.

Sasa deni. Hii njo inaua garaje nyingi kuliko vita, hata kama si rahisi kuisema. Mfano mdogo: kijana ameanza na dola 300. Zana zimekula 120, paa na mbao 30, piyesi 150. Wamotari saba wakichukua kila mmoja kitu cha dola 20 na kuahidi kulipa Siku ya Posho, dola 140 ziko barabarani. Rafu ni tupu. Mteja wa nane, mwenye feza mkononi, anakuta hakuna kitu na anaenda kwa jirani. Kijana hajaibiwa, hajaporwa, lakini garaje imekwisha. Na wale saba, kwa haya, hawapiti tena mbele ya mlango wake: amepoteza feza, amepoteza na wateja.

Kukataa deni kabisa haiwezekani. Motari wengi wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine, wanapaswa kumpelekea mwenye mali feza za kila siku ao kila juma, na pikipiki ikilala hawawezi kulipa yeyote. Garaje zinazosimama zinatenga vitu viwili: piyesi inalipwa mara moja, kazi ya mkono inaweza kungojea. Deni la mkono likipotea, fundi amepoteza jasho. Deni la piyesi likipotea, amepoteza safari nzima ya Kisangani. Na linaandikwa. Daftari ya kurasa 48, jina, siku, kitu, sahihi ya mdaiwa. Kuna mafundi waliosoma kidogo sana wanaoandika vizuri kuliko ofisi nyingi.

Njia hiyo inasaidia pia mbele ya mteja ambaye hakataliwi, yaani mtu mwenye silaha. Kila mtu huku anamjua, hata kama rangi ya nguo inabadilika. Pikipiki yake inaletwa na inapaswa kutoka leo. Fundi anayesema piyesi hana, leta piyesi, mkono ni bure, anajilinda kidogo. Kidogo tu. Juu wakubwa wakibadilika, yule aliyetengeneza pikipiki za jana anaweza kuulizwa kwa nini alizitengeneza, kana kwamba alikuwa na haki ya kukataa. Hatari hii haiandikwi kwenye ripoti nyingi kuhusu biashara ndogo, lakini inaeleza kwa nini mafundi wengine wazuri wamefunga na kuhamia Goma ao Kisangani wakati kazi ilikuwa bado ipo.

Na feza ikipatikana, iwekwe wapi? Mwisho wa Januari 2025 banki za Goma zilifungwa. Feza za simu zimechukua nafasi, M-Pesa na Airtel Money, lakini kuzitoa mkononi kunakatwa, na franka za karatasi zilizobaki zimechakaa mpaka wauzaji wanazikataa. Kwa fundi, shene haichakai kwenye rafu na bei yake haishuki. Stoki imekuwa banki. Lakini banki ya namna hii haikimbii. Machi 2025, wakati risasi zilisikika Walikale-centre, watu walitoka na watoto, magodoro na masufuria. Nani atabeba matairi ishirini kichwani?

Hapo wale wenye uzoefu wa kukimbia mara nyingi wamejifunza kugawanya. Matairi, ambayo ni makubwa na yanaonekana, wanaweka machache. Pistoni, segma, rulma, diski, bujie, vitu vidogo vya bei kubwa, vinaingia ndani ya mfuko mmoja wa mgongoni. Sehemu inabaki kwa ndugu, senta nyingine. Zana ziko ndani ya sanduku moja, si kutawanyika chini. Ni namna ya kupanga garaje ambayo hakuna shule inafundisha, na inapunguza faida ya siku za amani, juu mteja anayetaka tairi anaambiwa angojee. Lakini aliyerudi na ule mfuko mgongoni alifungua bila kungojea gari la mizigo.

Kuna somo la zamani zaidi, ambalo wazee wa Mubi na Njingala hawajasahau. Miaka ya 2000, wakati wa kasiterite ya Bisie, ndege ndogo zilitua juu ya lami pale Kilambo, zikileta vitu vya duka na kurudi Goma na madini. Feza ilizunguka. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mkono katika Kivu mbili na Maniema mpaka Machi 2011, na biashara za Walikale ambazo zilikuwa na mteja mmoja tu, mchimbaji, zilianguka naye. Machi 2025 kampuni Alphamin, ambayo leo inatoa Bisie karibu 6 kwa mia ya bati ya dunia, nayo ilisimamisha kazi tarehe 13 juu ya vita, na ikatangaza kurudi pole pole tarehe 9 Aprili. Mwenye garaje anayetengeneza pikipiki za chimbo peke yake anapaswa kuhesabu miezi hiyo. Yule anayetengeneza pia jenereta za wauzaji, mashine za kusaga muhogo na pompi za maji ana kitu cha kushika chimbo likinyamaza. Mashine ya kusaga haikimbii vita haraka, na watu wanapaswa kula.

Linabaki jambo la vijana. Miradi mingi imepita huku ikitoa mafunzo ya miezi michache na valizi ya zana, kwa vijana wasio na kazi na kwa waliotoka makundi yenye silaha. Nia ni nzuri. Lakini hesabu ya hapo juu inaonyesha shimo liko wapi: katika dola 300, zana ni 120. Valizi inampa kijana ile 120 na kumwacha bila piyesi, bila mahali, bila mteja anayemwamini. Kisha njaa inakuja na valizi inauzwa. Kijana aliyekaa miaka miwili kwa fundi mkubwa, akipewa chakula na feza ya sabuni, akifokewa kila siku, anatoka bila cheti lakini wamotari wanamjua kwa jina. Nyuma ya programu ya P-DDRCS iliyoundwa mwaka 2021 kuna swali ambalo wakubwa wake bado wanaweza kujibu: je, feza za valizi haziwezi kugawanywa, nusu zana, nusu piyesi za kwanza, na kitu kidogo kwa fundi anayekubali kumchukua kijana?

Upande wa makodi, fundi analipa patanti, analipa jetoni ya kundi mahali kundi lipo, analipa pale soko linapofunguliwa, na Jumamosi anaitwa kwenye salongo kutengeneza barabara. Wengine wanaichekea hiyo ya mwisho: fundi kuziba shimo lililomletea mteja. Lakini wanaenda. Gari lililokwama Kibua siku nne lina ndani yake, kati ya mifuko ya chumvi na mabidoni ya mafuta, katoni yao ya shene.