Mama Aliyefurahi Shule Kufunguliwa



Wapendwa waamini, mwaka jana, Jumapili moja ya Julai, mama mmoja alibaki benchini baada ya Misa ya kwanza hadi kanisa likawa tupu. Tulipomkaribia alituuliza (ruhusa ya kusimulia tunayo) kama ni dhambi mzazi kumshukuru Mungu kwa kuwa shule zinafunguliwa kesho yake. Tulicheka kidogo. Yeye hakucheka. Ndipo tulipoketi.

Mumewe ni mpagazi. Likizo ya katikati ya mwaka huanza Juni, na Juni ndipo msimu mkuu wa watalii unapoanza hapa Arusha. Wapagazi, waongoza watalii na wapishi wa kambi huondoka nyumbani majuma yale yale ambayo watoto wanarudi: Meru siku 3 au 4, Kilimanjaro siku 5 hadi 8, kisha kundi jingine linasubiri. Mama huyo alibaki na watoto wanne katika chumba na sebule, Unga Limited, katika baridi isiyomruhusu mtoto kushinda nje. Chakula cha mchana, ambacho shuleni kilikwisha kulipiwa, sasa kilitoka katika nyanya na vitunguu anavyouza Kilombero. Karo ya muhula wa pili ilikuwa mbele yake. Usiku hakulala. Mchana mmoja alimpiga mtoto wa mwisho kwa kumwaga chai, kisha akajifungia chooni akalia.

Sisi mapadre tumezoea jibu moja: sali, mama. Lakini nabii Eliya, baada ya ushindi wa mlima Karmeli, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti akaomba kufa. Sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme yasimulia kwamba malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamjia mara ya pili na chakula. Maagizo ya Mungu yalikuja baadaye, huko Horebu.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo jumuiya zetu ndogo ndogo zimepungukiwa. Twakutana kila juma, twasoma Injili, twachanga, na hatujui kwamba jirani hajalala siku kumi. Msiba ukitokea twajaa. Uchovu haufungiwi turubai, hivyo hatuuoni.

Wengine huwapeleka watoto kwa bibi, Nkoaranga, Poli au Ngaramtoni. Desturi njema, lakini koko, kama wasemavyo Waarusha, ana miaka 70 na magoti mabovu, na wajukuu sita huletwa na begi la nguo bila hata kilo moja ya sukari. Baba Mtakatifu Fransisko alipoanzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, Jumapili ya nne ya Julai, hatudhani alikusudia tuwaadhimishe kwa kuwatwisha mzigo.

Nanyi akina baba mnaoteremka mlimani, twajua mmebeba kilo 20 na mmechoka kweli. Hata hivyo, njia ya kurudi nyumbani haipitii baa.

Upo uchovu unaokwisha watoto wakirudi shule, na upo usiokwisha. Mtu akikosa usingizi, hamu ya kula na furaha kwa majuma mawili mfululizo, au akiwaza kufa, yaweza kuwa sonona, ugonjwa wenye tiba. Aende hospitali, Mount Meru au iliyo karibu naye, na mtu amsindikize. Akiwaza kufa, asisubiri majuma mawili. Asiambiwe amerogwa, wala kwamba imani yake ni haba.

Mama yule tulimjibu kwamba kushukuru kwake si dhambi. Kuhusu kile kipigo tulizungumza kwa namna nyingine, naye alikwenda kumwomba mtoto radhi.

Likizo hii ukumbi wa parokia utakuwa wazi kila Jumanne na Alhamisi, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Watoto wa Waluteri na wa Waislamu nao waje. Walezi wa Utoto Mtakatifu watasimamia michezo, na WAWATA watapika makande. Twahitaji mahindi, maharage, kuni, na watu wazima wawili wa zamu kutoka kila jumuiya. Majina yafike kwa katekista kabla ya Jumapili.