Tusingoje Barazani

Wenzangu wa kidato cha nne, kila nirudipo likizo nyumbani Chanika humkuta kaka yangu barazani, cheti chake kabatini, akingoja kazi ya ofisini. Huu ni mwaka wa tatu. Mama yetu huamka alfajiri kukaanga mihogo karibu na kituo cha daladala. Fedha hiyo ndiyo iliyoninunulia godoro na madaftari. Kaka haioni kuwa ni kazi. (Mihogo yenyewe anaila.)

Tangu mwaka 2018 sheria inaziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo 4 ni ya vijana. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Ni jambo jema, lakini kijana hukopeshwa akiwa katika kikundi. Aliyezoea kungoja peke yake atakipata wapi?

Kwa hiyo nawasihi walimu wetu watupe pembe ya shamba la shule. Tufuge kuku, tuandike mapato na matumizi, tugombane na kupatana tukiwa bado hapa bwenini. Mimi nitatimiza miaka 18 Desemba, mtihani ukiwa umekwisha. Mama amekwisha niambia kwamba karai la pili lipo.