Kisangani: makaye yamejaa majina ya wahanga, nani anayasoma?

Katika mji wa Kisangani, karibu kila shirika linalosaidia wahanga wa vita lina kabati, na ndani ya kabati kuna makaye. Kuna majina, alama za vidole, picha ndogo zilizobandikwa kwa gundi. Wahanga wa vita ya siku sita, ile ya tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, wameandikwa, wakaandikwa tena, na kila shirika jipya likifika linaanza na ukurasa wa kwanza. Uliza shirika hilo swali moja jepesi: wajane wangapi wa komini ya Tshopo wako ndani ya makaye haya? Jibu ni "tutaangalia". Miaka inapita, bado wanaangalia.

Hilo si kosa dogo la ofisi. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa asili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi na wanasheria watazidi kubishana, lakini majaji walisema wazi kwamba fishi za wahanga zilizoletwa mbele yao hazikuwa na hati za kuziunga mkono, na hazikutosha. Fishi zilikuwepo. Kilichokosekana ni kazi ya kuunganisha kila fishi na kifo fulani, nyumba fulani, siku fulani.

Sasa kuna FRIVAO, mfuko wa serikali wenye makao yake hapa hapa Kisangani, wenye kazi ya kugawa malipo hayo. Uganda ilipangiwa kutoa milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022 hadi 2026. Pesa zina kalenda. Listi za mashirika hazina.

Wakubwa wa mashirika wanajitetea: hawana mtaalamu, hawana ordinateri, umeme unakatika. Lakini mama anayeuza kwanga sokoni hana hata kimoja cha hivyo, na anajua nani anadaiwa, kiasi gani, tangu siku gani. Kaye yake ya madeni anaisoma kila jioni kwa sababu asipoisoma atalala njaa. Mashirika hayalali njaa yasiposoma makaye yao. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Na dawa yake si ghali. Kwanza shirika lijue linatafuta kujua nini, kabla ya kuchapisha fishi nyingine. Fishi ya kurasa sita yenye maswali ambayo hakuna atakayeyahesabu ni kumsumbua mjane bure.

Kisha jina, maana hapo ndipo listi nyingi zinapoharibika. Mwanamke mmoja anaandikwa leo kwa jina la nyumbani, kesho kwa jina la ubatizo, mwaka ujao kama "mama ya" mtoto wake wa kwanza. Kaye inahesabu wanawake watatu. Nchi hii ilihesabu raia wake mara ya mwisho mwaka 1984, kwa hiyo hakuna daftari kubwa la kulinganishia. Basi kila mtu apewe namba moja, aandikiwe kwenye kikadi anachobaki nacho. Mstari mmoja, mtu mmoja: jina kama lilivyo kwenye karte ya mpiga kura, jina la mama yake, mwaka wa kuzaliwa, avenyu aliyokaa Juni 2000 na anayokaa leo, alichopoteza, hati aliyonayo. Avenyu ya wakati ule ina maana kuliko picha ya pasipoti, kwa sababu inaleta mashahidi: majirani wa siku zile.

Halafu, Jumamosi moja kila mwezi, watu wawili wachague mistari 20 bila kupendelea, wapande toleka, waende kuwaona wenye majina hayo. Kama 5 kati ya 20 hawajulikani na mtu yeyote mtaani, listi ni mgonjwa, na afadhali shirika lenyewe ligundue mapema kuliko kugunduliwa na mfuko. Kwa hilo biki na rula vinatosha. Mwenye simu nzuri atumie KoboToolbox, haidai pesa kwa mashirika madogo. Lakini simu haitasahihisha jina lililoandikwa ovyo.

Wafadhili nao wasijifiche. Ni wao wanaouliza kila miezi mitatu "wanufaika wangapi?" bila kuuliza ni akina nani. Mtu aliyekimbia mgogoro wa Wambole na Walengola akipewa sabuni mwezi wa tatu na shiti mwezi wa nne, ripoti inaweza kumfanya watu wawili. Kila mtu anafurahi, isipokuwa yeye.

Kuna jambo la kutisha zaidi. Majina ya wanawake waliobakwa hayapaswi kutembea kwenye WhatsApp eti "kwa uhakiki". Namba itembee, jina libaki kabatini, na ufunguo uwe na mtu anayejulikana.

Wengine wanaogopa kusafisha listi kwa sababu watu watapungua, na pamoja nao ukubwa wa rais wa shirika. Wapungue! Wahanga 900 wenye avenyu na shahidi wanaweza kutetewa mbele ya FRIVAO; wahanga 9,000 wenye majina matupu wanampa kila mwenye nia mbaya kisingizio cha kuwaita wote waongo.

Karatasi haidumu Kisangani. Kuna mvua, kuna mchwa, kuna panya. Mashahidi nao wanazeeka. Mtu aliyekuwa na miaka 50 siku makombora yalipoanguka sasa amepita 75, na yeye ndiye anayejua nyumba ya nani ilisimama wapi kwenye avenyu yake. Hakuna aliyekwenda kumuuliza.