Damu ya mtoto ichukuliwe kabla ya antibiotiki

Wazazi huniuliza mara kwa mara kwa nini mtoto mwenye homa katobolewa kidole kwa kipimo cha malaria, kisha akachukuliwa tena damu ya mshipani, safari hii kwa bomba la sindano. Wapo wanaonong'ona kwamba damu hiyo inakwenda kuuzwa. Haiuzwi, inakwenda kuoteshwa.

Ndani ya chupa inakomiminwa damu hiyo kuna supu maalumu ya kulisha bakteria. Chupa hukaa kwenye joto kama la mwili. Kama kwenye damu ya mtoto kuna bakteria hai, watakula supu ile na kuzaliana. Mashine hutambua hewa ya ukaa wanayoitoa. Pasipo na mashine, mtaalamu wa maabara huikagua chupa kila siku kuona kama supu imechafuka. Wengi wa bakteria wa homa kali hujitokeza ndani ya siku mbili tatu. Chupa iliyo kimya husubiriwa kwa kawaida hadi siku ya tano.

Kwa nini damu nyingi? Chukua mfano wa taifodi. Mililita moja ya damu ya mgonjwa mara nyingi huwa na bakteria mmoja hivi, pengine hata hayupo. Ukichukua tone utamkosa. Ndiyo maana mtoto huchukuliwa mililita kadhaa, kulingana na uzito wake.

Sasa fikiria mzazi aliyepitia duka la dawa kwanza, akanunua amoksilini ya siku mbili. Dozi ile haikumponya mtoto, ila imewadhoofisha bakteria wa kwenye damu kiasi kwamba hawaoti tena chupani. Jibu linarudi: hakuna kilichoota. Homa ipo, mtoto hali, na daktari anabaki kubahatisha dawa.

Hapo ndipo kipimo cha Widal huingia. Kipimo hiki kimekuwepo tangu 1896 na hakimtafuti bakteria mwenyewe. Hutafuta kinga ambayo mwili umetengeneza dhidi yake. Katika maeneo yetu mtu anaweza kuwa na kinga hiyo kwa sababu ya maambukizi ya zamani. Kwa maoni yangu, karatasi moja ya Widal yenye maandishi "taifodi" haitoshi kumuanzishia mtoto dozi, na tunaitumia kupita kiasi kwa sababu tu ni rahisi na majibu yake hutoka siku hiyo hiyo.

Kuotesha kuna faida nyingine kubwa: bakteria akishaota, hujaribiwa dhidi ya dawa mbalimbali ili ijulikane ipi inamuua na ipi ameshaizoea. Lakini jibu hilo lina maana pale tu bakteria anayejaribiwa ana tabia zile zile alizokuwa nazo mwilini mwa mwanao. Na bakteria hubadilika akihamishwa mno kutoka chakula hadi chakula.

Ushahidi unao begani. Chanjo ya BCG ilipatikana hivyo hivyo. Kule Lille, Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin walianza mwaka 1908 kumhamisha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kwenye vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo na gliserini. Walimhamisha mara 230 hadi 1921, akapoteza ukali wake. Baadaye maabara za nchi mbalimbali ziliendelea kumhamisha, kila moja kivyake, na BCG zao zikaanza kutofautiana. Ikabidi kuhifadhi mbegu zilizogandishwa na kukaushwa, ili kila toleo la chanjo litoke kwenye mbegu ile ile.

Mabadiliko yaliyotupatia chanjo ni hatari kwenye kipimo. Bakteria sugu akilelewa muda mrefu mahali pasipo na dawa, anaweza kupoteza usugu wake. Maabara itaandika kwamba dawa inafaa, kumbe mtoto kabeba bakteria asiyeiogopa. Maabara makini hupima kutoka mmea wa kwanza, huhifadhi akiba kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, na hujipima kwa bakteria ambaye tabia zake zinajulikana.

Hospitali nyingi hazina huduma hii, na penye huduma bei yake huwashinda wengi. Serikali na mifuko ya bima waione kama hitaji la kila hospitali ya wilaya. Kununua antibiotiki ghali bila kujua unapigana na nani ni hasara kubwa zaidi.

Tafadhali usinielewe vibaya: mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu au aliyelegea asisubiri majibu. Damu ichukuliwe na dawa ianze papo hapo. Ikibidi kuchagua, dawa hutangulia. Majibu yakija, dawa hubadilishwa au huachwa.

Ukifika hospitali, taja kila dawa ambayo mtoto amekunywa, hata ile ya jirani, na uje na boksi lake. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza, taja tu. Hakikisha namba yako ya simu imeandikwa vizuri kwenye fomu ya maabara, kwa sababu majibu hutoka siku ambayo wengi mmesharudi nyumbani.